Mjadala: Milan Baroš alifaulu, au alikipoteza kipaji chake kwa kuhamahama?

Nahodha wa Makorora:
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Milan Baroš wa Jamhuri ya Cheki aliibuka mfungaji bora wa Euro ya mwaka 2004 kwa mabao manne akiwa na umri wa miaka 22, na mwaka uliofuata, akiwa na Liverpool, alianza katika fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Istanbul. Baada ya hapo ni safari tupu: Aston Villa, Lyon, Portsmouth kwa mkopo, Galatasaray, Antalyaspor, Mladá Boleslav, Liberec, na katikati ya hizo kurudi nyumbani Baník Ostrava zaidi ya mara moja. Mimi nasema alipotea. Mshambuliaji wa kiwango kile alistahili kudumu katika klabu moja kubwa miaka kumi. Huko Portsmouth hakufunga hata bao moja la ligi, na sishangai, kwa kuwa mchezaji wa mkopo ni mpangaji. Paa likivuja, hapandi juu kuliziba.

Mwalimu wa Kilifi:
Turekebishe kwanza hesabu, Nahodha. Mabao yalikuwa matano: moja dhidi ya Latvia, moja dhidi ya Uholanzi, moja dhidi ya Ujerumani baada ya kutokea benchi, na mawili dhidi ya Denmark ndani ya dakika mbili. La Uholanzi bado naliona. Wacheki walikuwa nyuma kwa mabao mawili kabla ya dakika ya 20, kisha wakarudisha moja kupitia mshambuliaji Koller. Kipindi cha pili krosi ikaja, yule Koller mrefu akaituliza kwa kifua badala ya kupiga kichwa kama kila mtu alivyotarajia, mpira ukamdondokea Baroš, naye akaukandamiza bila kusubiri utulie. Mchezo ukaisha 3–2 kwa Wacheki. Mtu aliyefanya hayo katika mashindano makubwa hawezi kuitwa aliyepotea.

Kiungo wa Mkopo:
Nahodha, mabao nawaachia ninyi. Neno lililonichoma ni hilo la mpangaji. Mimi nilicheza daraja la chini, nikapelekwa kwa mkopo mkoa ambao sikumjua mtu, nikalala chumba kimoja na wenzangu watatu, na posho niliyoahidiwa niliipata mwezi wa kwanza tu. Viatu vyangu nilivishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Hata hivyo sikuwahi kukwepa mpira wa kugombea hata siku moja, maana mchezaji wa mkopo anajua kwamba pande zote mbili zinamtazama, waliompeleka na waliompokea. Nenda Old Trafford, uwanja wa Manchester United, tarehe 8 Machi 2008, robo fainali ya Kombe la FA la Uingereza. Kipa wao Van der Sar alikuwa ametoka kwa maumivu, Kuszczak ameingia. Portsmouth wakafumua shambulizi la kushtukiza, Baroš akamwahi kipa, akaangushwa. Kuszczak akala kadi nyekundu, Manchester United walikuwa wamemaliza nafasi za kubadilisha wachezaji, beki Rio Ferdinand akavaa glavu, na Muntari akafunga penalti. Mechi ikaisha 1–0. Je, hapo paa liliachwa livuje?

Mama Salama:
Wanangu, mimi mambo ya mpira nayafuata kwa sababu ya vijana wangu, lakini nimekaa nyumba ya kupanga mwaka wa 19 sasa, na bati lililoko juu ya jiko nimelinunua mimi, kwa fedha yangu. Baba mwenye nyumba yuko mbali na halijui hata jengo lake lilivyo. Usitutolee mfano wa uzembe, Nahodha.

Nahodha wa Makorora:
Shikamoo, mama. Sikukusudia kuwadharau wapangaji wala sikulenga nyumba ya mtu. Nilisema juu ya moyo wa mchezaji anayejua kwamba mwezi Mei ataondoka. Na tukirudi Portsmouth, aliyefunga bao pekee katika nusu fainali ni mwenzake Kanu, na aliyefunga bao pekee katika fainali dhidi ya Cardiff ni Kanu huyohuyo.

Mwekundu wa Mwanza:
Mnamlaumu mtu kwa kuhama kana kwamba kila mara alifungasha mizigo kwa hiari yake. Mimi ni shabiki wa Liverpool, na jambo hili linaniuma hadi leo. Septemba 2003 alivunjika kifundo cha mguu pale Blackburn, akakaa nje kwa miezi. Alipotoka Euro na kiatu cha dhahabu, alikuta klabu imemsajili mshambuliaji Cissé na kocha ni mpya. Januari 2005 akaletwa mshambuliaji mwingine, Morientes. Pamoja na hayo ndiye aliyeongoza kwa mabao yetu ya ligi msimu ule. Katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea, bao la Luis García linalobishaniwa hadi kesho lilianzia kwa Baroš, alipouinua mpira juu ya Petr Čech, kipa wa Chelsea na Mcheki mwenzake, na Čech akamwangusha. Istanbul nako, kabla Gattuso wa AC Milan hajamchezea vibaya nahodha wetu Gerrard tukapata penalti, mpira ulimfikia Gerrard kutoka kwa Baroš. Agosti mwaka huohuo akauzwa Aston Villa. Niambieni, aliyekosea hapo ni nani?

Mwalimu wa Kilifi:
Naongeza la Lyon. Aliyemsajili huko Januari 2007, kwa kubadilishana na John Carew, ni Gérard Houllier, kocha aliyempeleka Liverpool hapo awali. Miezi michache baadaye Houllier akaondoka, akaja Perrin, na Baroš akabaki na kocha ambaye hakumchagua. Mshambuliaji huishi kwa imani ya kocha. Galatasaray walipompa imani hiyo kuanzia mwaka 2008, alimaliza msimu wake wa kwanza akiwa mfungaji bora wa ligi ya Uturuki kwa mabao 20, akadumu nao zaidi ya miaka minne.

Nahodha wa Makorora:
Mwalimu, unanipa hoja yangu mwenyewe. Kama alipotulia alifunga 20, basi kuhama ndiko kulikomwibia mengine yote.

Mwekundu wa Mwanza:
Kuhama kulimwibia, sawa. Lakini kwanza ulisema aliyejipoteza ni yeye. Hayo ni mambo mawili tofauti, na umevuka kutoka moja kwenda jingine bila kutuaga.

Mwalimu wa Kilifi:
Na huko kurudi Ostrava, Nahodha, usikuhesabu pamoja na safari. Ndiko kulikomlea, ndiko walikomwita Maradona wa Ostrava, na ndiko alikostaafia mwaka 2020 akiwa na miaka 38, wakati mwili ulikuwa umeshamkatalia.

Nahodha wa Makorora:
La Ostrava nalikubali kwa moyo mmoja. Neno mpangaji nalo nalifuta, kwa heshima ya Mama Salama. La kupotea silifuti.

Kiungo wa Mkopo:
Kwa mama umelifuta, na umefanya vyema. Mimi nilikuuliza juu ya Old Trafford, kaka, ukanijibu habari za Kanu.