Tupeane uzoefu: gemu za zamu na washkaji wa mtandaoni, gemu moja inakula mwaka

Karani wa Buzuruga

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu kwa wale wanaocheza gemu za zamu, zile unacheza zamu yako unaifunga simu unaendelea na duka, mwenzako anacheza jioni, mwingine kesho asubuhi, mpaka mwaka unaisha bado mko kwenye gemu lile lile. Siongelei mpira wa dakika kumi kwenye simu.

Naanza mimi. Tuko sita tunacheza Unciv. Ni apu ya bure, matangazo hakuna, sheria zake karibu zote ni za Civilization V, lile gemu la kompyuta la 2010, ila picha zimerahisishwa mno, hata simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka inaibeba. Unachagua taifa lako, unaanza na mji mmoja na shujaa mmoja mwenye rungu, unagundua kuandika, chuma, baruti, huko mwisho unarusha chombo angani kama majirani hawajakumaliza. Ukimaliza zamu faili linapanda kwenye seva na anayefuata anapata taarifa, haili bando kabisa ndo maana ilitufaa.

Shida ilikuwa hesabu. Tulikubaliana kila mtu ana saa 24. Haya, watu sita, mzunguko mmoja unaweza kula siku sita, zamu 300 ni siku 1,800, karibu miaka mitano wakuu! Hakuna aliyeipiga hiyo hesabu siku ya kwanza. Mwanzoni hata huoni, zamu ni dakika moja tu unasogeza mtu wako porini basi, tulikuwa tunapiga mizunguko mitatu kwa siku. Subiri ufike miji nane na vita mpakani, zamu moja ni nusu saa na mteja yupo dirishani anataka kopi ya kitambulisho.

Na sasa katika hao sita mmoja ni mvuvi wa dagaa, yuko visiwani huko upande wa Ukerewe. Giza likiingia, zile siku mwezi haupo, jamaa usiku yuko ziwani anavua kwa taa, mchana amelala, zamu inakaa kwake siku tatu nne. Mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi tena, anarudi kambini, hapo anajibu ndani ya dakika kumi. Tulimnunia kweli kweli, kuna mmoja akataka atolewe nafasi yake ichezwe na kompyuta. Mimi nikaenda mjini nikanunua kalenda yenye alama za mwezi nikaibandika juu ya mashine ya fotokopi. Wateja wananiuliza karani mbona unahesabu mwezi, Ramadhani si imeshapita? Siwaambii kitu. Ila toka siku hiyo vita vyetu vyote vinatangazwa mwezi ukiwa mkubwa, giza ni la kujenga maktaba na kufukuza washenzi.

Haya tiririkeni.

Dada wa Igogo

Mimi ni Diplomacy, na nikiwaambieni ilinivunjia urafiki msicheke. Wasioijua: ramani ya Ulaya mwaka 1901, nchi saba, hakuna kete za kurusha wala bahati, kila mtu anaandika amri zake kwa siri halafu zote zinafunguliwa mara moja. Ukishika vituo 18 kati ya 34 umeshinda. Kwa hiyo gemu lenyewe ni maneno, ni kumnong'oneza mtu inboksi. Sisi amri ilikuwa kila baada ya siku mbili.

Mimi Uturuki, Urusi alikuwa kaka mmoja yuko Dodoma sijawahi kumuona kwa macho. Tukaapizana Bahari Nyeusi haingii mtu. Miezi miwili tunaongea kila siku, gemu kidogo, mambo mengine mengi, kazi, mchumba wake, hadi bei ya sangara maana alikuwa anapenda kuniuliza huku kwetu samaki bei gani. Baba yangu akafariki mwezi ule, yeye akawa wa kwanza kutuma rambirambi, na si hela ndogo. Niko msibani bado, watu wako matangani, naiba dakika naandika amri zangu, jeshi lote nimelipeleka Balkani maana mgongo nimemwachia yeye. Amri zinafunguliwa, meli yake imetoka Sevastopol iko Bahari Nyeusi. Msimu unaofuata kaketi Ankara.

Nilimpigia simu. Akasema pole dada, rambirambi ilitoka kwangu, Ankara ilichukuliwa na Urusi. Mpaka leo sijui nimjibu nini. Hela sikurudisha lakini.

Mkata Kona

Dada wa Igogo hapo ningerudisha hela na matusi juu 😂

Mimi chesi tu, kwenye tovuti ya Lichess, siku tatu kwa kila hatua, na mzee mmoja wa Bukoba mwalimu mstaafu. Gemu la nne hili, yote kanipiga. Kila akisogeza kete ananiandikia neno moja tu, "Fikiri." Shikamoo mzee kama unasoma humu.

Kijana wa Nyegezi

Karani hiyo Unciv mimi na wenzangu wanne iliishia vibaya, na si vita. Mmoja alikuwa na wifi ya chuo, akaapdeti apu akacheza zamu yake kwenye toleo jipya, sisi wengine faili likagoma kufunguka. Mmoja simu yake imejaa hawezi kuapdeti mpaka afute picha, na picha zenyewe ni za mahafali ya dada yake, anasema bora afute Unciv. Akafuta kweli. Zamu ya 140 imebaki inamsubiri mtu ambaye hana apu. Ushauri wangu, kabla hamjaanza kubalianeni nani anaapdeti lini, mapema kabisa.

Karani wa Buzuruga

@Kijana hilo nimelichukua, pole sana. Aisee kuna kitu sikusema juu. Giza la mwezi uliopita zamu ilikaa kwa mvuvi wetu siku tisa. Siku ya tano nilikuwa bado nina hasira, siku ya sita usiku upepo ukapiga huku mjini mabati yanapiga kelele, nikalala macho. Jina lake kamili silijui jamani. Namjua kwa jina la gemu na miji yake kumi na moja. Asubuhi nikashuka mpaka soko la Kirumba nauliza wenye dagaa kama kuna habari za visiwani, wananiuliza unamtafuta nani, nasema... nasema Wamisri. Nimeona aibu sana.

Taa ya Dagaa

Ndio mimi Wamisri. Wabeja sana karani, hilo la Kirumba hukuniambia hata kwenye kundi.

Simu ilidondoka ziwani wala mimi sikudondoka. Nilikuwa naangalia ramani, sio kucheza maana kule mtandao haupo, mtandao unaupata kambini ukipanda kwenye jiwe. Nyie mnadhani mimi nachelewa kwa kuwa sina muda, ukweli muda ninao kuliko nyie wote. Tukishazitega taa tunakaa kimya saa nyingi tu tukisubiri dagaa wajae chini yake, hakuna kuwasha injini, hakuna kelele, wenzangu wanasinzia mimi nawafikiria nyie, huyu mishale yake iko wapi, huyu kwa nini ametaka amani ghafla. Nikishuka kambini zamu nilishaicheza mara ishirini kichwani ndo maana mnaona dakika kumi.

Simu mpya imepatikana juzi, ya mkopo. Apu nimeweka, sijaapdeti kitu Kijana usiogope.

Leo mwezi una siku kumi na tatu. Karani wale farasi wako wanne kwenye mto wetu nimewaona, waondoe kabla ya kesho jioni.