Naomba ushauri: CV niitume kwa PDF au Word?

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijatuma maombi, maana mwisho wa kupokea ni Ijumaa.

Naomba kazi ya msaidizi wa mhasibu. Tangazo linasema tu tutume CV na vyeti kwa barua pepe, aina ya faili halijataja. CV yangu niliiandika kwenye Word, nikaipanga vizuri, uzoefu wa kazi nikauweka kwenye jedwali. Juzi nikaifungua steshenari niichapishe, nikaishiwa nguvu: kompyuta yao haina fonti niliyotumia, jedwali limehama, ukurasa wa pili umebaki na mstari mmoja. Kumbe huenda na waajiri waliiona hivyo hivyo! Nimeshaituma sehemu nne.

Najua PDF hubaki ilivyo popote inapofunguliwa, hata kwenye simu. Lakini dada yangu, aliyewahi kufanya kazi ofisi ya rasilimali watu, ananiambia baadhi ya mawakala wa ajira hutaka Word ili waihariri kabla ya kumpelekea mteja wao. Je, nikituma zote mbili nitaonekana sijui ninachofanya?

Halafu kuna vyeti. Nimevipiga picha kwa simu, JPG saba, jumla MB 31, na Gmail mwisho ni MB 25. Niviskani upya niviunganishe na CV viwe PDF moja, au CV ikae peke yake?

Mliowahi kupokea maombi ya kazi, niambieni mnapenda kukuta nini. Natanguliza shukrani.