Wasifukazi wa mhitimu ambaye hajaajiriwa kamwe: niandike nini?

Mwana wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nilihitimu mwaka jana shahada ya sayansi ya mazingira, nikarudi nyumbani Amu, na tangu hapo nimetuma maombi 14 ya kazi bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja. Wasifukazi wangu una kurasa tano. Unaanza na jina, nambari ya kitambulisho, dini, kabila na hali ya ndoa, ukaendelea na malengo yangu maishani, kisha shule zote tangu chekechea, na chini ya uzoefu nimeandika: "Sina bado."

Sasa limetoka tangazo la msaidizi katika mradi wa kurejesha mikoko. Kila likizo nilikuwa nikifuatana na mama kwenye kitalu cha kikundi chake cha wanawake, na katika mafunzo ya nyanjani nilikaa miezi mitatu kwenye diko nikiandika samaki wanaoshushwa na wavuvi. Sikulipwa popote. Je, mambo hayo yanafaa kuandikwa, au nitaonekana ninajaza kurasa tu?

Mama Ajira, Malindi

Wa alaikum salaam, mwanangu. Kwa zaidi ya miaka 15 kazi yangu imekuwa kupokea maombi katika hoteli za hapa Malindi, kwa hiyo nitakueleza jinsi karatasi hizo zinavyosomwa. Siku maombi yanapofungwa huwa nina rundo kubwa mezani, na macho hutua kwanza kwenye nusu ya juu ya ukurasa wa mwanzo. Nisipomwona hapo mtu ninayemtafuta, mara nyingi siendelei. Nusu hiyo wewe umeijaza dini, kabila na ndoa. Yaondoe yote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kubagua watu kwa misingi kama hiyo, na mwajiri makini hapendi hata kuyaona. Nambari ya kitambulisho pia ibaki nawe, isipokuwa tangazo limeitaka, maana hujui karatasi yako itapita mikono mingapi.

Malengo ya maisha yaache. Weka mistari mitatu inayosema umesomea nini, umefanya kazi gani ya mikono na ya kalamu, na unaomba nafasi ipi.

Tuje kwenye hayo maneno "sina bado", ambayo kwa kweli yamenisikitisha. Anayeajiri haulizi ulilipwa kiasi gani. Anauliza ulifanya nini, kwa muda gani, na matokeo yakawaje. Kitaluni ulijaza viriba vingapi, yaani vile vifuko vya udongo vya kuoteshea miche, kwa msimu? Miche mingapi ilishika baada ya kupandwa? Unaweza kutofautisha mkoko na mkandaa, au mchu na mlilana, kwa jani na mzizi? Ikiwa unaweza, liandike hilo, na kando ya majina yetu uweke ya kisayansi, yaani Rhizophora mucronata, Ceriops tagal, Avicennia marina na Sonneratia alba, kwa sababu huenda anayesoma maombi hajawahi kukanyaga tope la Lamu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huko kwenu, nawe umekulia ndani yake, halafu unamwambia mtu wa mradi wa mikoko kwamba huna uzoefu!

Kwenye lugha usiishie kwa Kiswahili na Kiingereza. Ikiwa unasikilizana na watu wa Faza, kisiwani Pate, kwa Kibajuni, taja, kwa kuwa mradi wa namna hiyo husimama au huanguka kwa mazungumzo na wanavijiji. Elimu ianze na shahada, ifuate sekondari, iishie hapo. Kurasa mbili zinatosha. Warejelewa, yaani watu wanaokujua ambao mwajiri anaweza kuwauliza habari zako, wawe watatu, uwaombe ruhusa kabla ya kuwataja, na mama yako asiwe miongoni mwao hata kama ndiye aliyekufundisha kazi.

Karani wa Zamani, Lamu

Nakubaliana na Mama Ajira kwa upande wa mashirika na hoteli, ila nina nyongeza. (Sisi shuleni tulifundishwa kuiita tawasifukazi, lakini tusigombane kwa hilo.) Nafasi za serikali ya kaunti zina utaratibu wake: tangazo likisema ujaze fomu, utaje wadi yako na uandike nambari ya tangazo juu ya bahasha, fanya hivyo neno kwa neno, hata kama fomu inarudia yaliyomo kwenye wasifukazi. Nimeshuhudia maombi mazuri yakiwekwa kando kwa kukosa nambari hiyo tu.

Jambo la pili ni vyeti vya nidhamu njema, vya kodi, vya mkopo wa elimu na vinginevyo, ambavyo vijana wetu huvitafuta kwa gharama kabla hata ya kuomba. Tangu Sheria ya Ajira iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kudai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kukupa mkataba. Weka fedha yako ya nauli ya boti kwanza, dadangu.

Mwana wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Nimeandika upya sehemu ya uzoefu, naomba muitazame: "Nilisaidia katika kitalu cha mikoko na nikajifunza mambo mengi. Niliandika takwimu za samaki kwa uaminifu mkubwa."

Mama Ajira, Malindi

Bado, mwanangu. "Kusaidia" kunaficha ulichofanya, na "uaminifu mkubwa" ni sifa ambayo watakupa warejelewa wako. Nijibu kwa idadi: wanawake wangapi, viriba vingapi, vyombo vingapi kwa siku?

Mwana wa Langoni, Lamu

Wanawake 22. Msimu uliopita tulijaza viriba 3,000, na mimi ndiye niliyeshika daftari la miche iliyokufa. Kwenye diko nilikuwa nikipima samaki wa vyombo 12 hivi kila siku, kwa aina na kwa kilo, kisha jioni ninaingiza hesabu kwenye kompyuta ya ofisi.

Mama Ajira, Malindi

Basi andika: "Nilitunza kumbukumbu za miche 3,000 ya mikoko katika kitalu cha kikundi cha wanawake 22. Kwa miezi mitatu nilipima na kurekodi samaki wa vyombo takriban 12 kwa siku, kwa aina na uzito, na kuingiza takwimu kwenye kompyuta." Litafsiri kwa Kiingereza ikiwa tangazo liko kwa Kiingereza, ulipe faili jina lako kamili, na ulitume kwa muundo wa PDF ili mistari isihame. Halafu ubadilishe hiyo anwani ya barua pepe uliyoifungua ukiwa kidato cha pili, kama bado unaitumia.

Mwana wa Langoni, Lamu

Bado ninaitumia. Ninafungua nyingine usiku huu.