Haidt, Gray au Henrich: nani anaeleza vizuri kwa nini maadili yanatofautiana?

Nahodha_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Familia imempika mbwa wao aliyegongwa na gari, wamemla ndani kwao, hakuna aliyewaona. Wametenda uovu? Mwanasaikolojia Jonathan Haidt na wenzake waliwauliza hivyo watu wa Brazili na wa Philadelphia, Marekani, matokeo yakachapishwa 1993. Tabaka liliwatenganisha watu kuliko nchi: wasomi wenye uwezo wengi walisema ni shauri lao, wa kipato cha chini wakasema ni kosa. Baadaye Haidt akataja misingi mitano ya maadili: huruma, haki, uaminifu kwa kundi, heshima kwa mamlaka na utakatifu. Waliberali wa Marekani huegemea miwili ya kwanza, wahafidhina huibeba yote. Mwanasaikolojia mwenzake Kurt Gray anapinga: kila anayelaani ameona madhara, tunatofautiana juu ya nani ameumia. Mnamkubali nani?

BintiMwambao: Kaka Nahodha, mimi Gray. Bibi yangu angesema mlo ule unaleta nuksi nyumbani. Kwake nuksi ni madhara kamili.

MzeeKahawa: Binti yangu, utafiti uleule unakupinga. Swali la "ungekereka kuwaona?" lilibashiri hukumu za watu vizuri kuliko swali la nani ameumia. Moyo ulishakataa kabla.

Mwana_wa_Tana: Ndugu zangu, nyote mnatafuta kichwani tu. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich na wenzake walipeleka mchezo wa kugawana fedha katika jamii ndogo 15. Mmoja anapendekeza mgao. Mwenzake akiukataa, wote wanakosa. Wamachiguenga wa Peru walitoa kama robo, na wapokeaji karibu wote wakaridhika. Wavuvi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu, maana nyangumi havuliwi na mtu mmoja. Na huku kwetu Kenya, wafugaji Waorma, walipoelezwa mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliupa jina palepale: harambee! Walikuwa nao tayari maishani. Mzizi uko kwenye namna watu wanavyotafuta riziki.

Nahodha_Tanga: Hiyo ya harambee imenigusa sana. Lakini mgao wa fedha haumwelezi yule mbwa.

BintiMwambao: Wala hauelezi ndugu wawili waliolelewa chungu kimoja, kisha mmoja akawa mhafidhina na mwenzake akageukia upande wa pili.

Mwana_wa_Tana: Dada, hapo umenibana. Ndugu wawili nawaacha kwa Haidt. Lamalera na Machiguenga sitoki.