Taa ya hali ya betri kwenye pikipiki ya zamani: LED ya rangi tatu, voltimita, au nibaki na amita?

Spana_Kumi
Wakuu habari zenu. Nina Triumph T120 ya 1969, volti 12, erthi chanya (yaani chanya ya betri ndiyo imeungwa kwenye fremu) kama ilivyotoka kiwandani. Amita iliyo kwenye bakuli la taa ya mbele mshale wake unatetemeka na injini, huwezi kujua betri inachajiwa au inaliwa. Safari za usiku zinanitia wasiwasi. Nimefikiria LED moja inayobadilika rangi, au voltimita ndogo ya namba, au nitafute amita nyingine kama ile. Sharti langu ni moja: bakuli silitoboi. Mnashauri nini?

MzeeWaDinamo
Amita inakuonyesha umeme unaingia kwenye betri au unatoka, basi. Ni kama kuona maji yanaingia kwenye pipa bila kujua pipa lina kiasi gani. Volti zinakupa picha kamili zaidi. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.0 imebaki na robo hivi. Injini ikizunguka vizuri tarajia 13.5 hadi 14.5, na ukiona imevuka 15 ujue betri inachemshwa.

Halafu kwenye amita, karibu umeme wote unaotoka na kuingia kwenye betri unapita ndani yake. Nati moja ikilegea kwa nyuma, betri imetengwa na pikipiki nzima. Mimi kura yangu ni volti.

FundiNyaya
Naunga mkono, ila voltimita ya namba siitaki kwenye usukani. Juani haisomeki, gizani inakupiga machoni, na nyingi maji yanaingia. Ukiwa barabarani huhitaji kujua ni 13.8 au 14.1. Unahitaji rangi, uione kwa pembeni ya jicho na uendelee na safari.

LED nzuri inakaa kijani betri ikiwa inachajiwa, njano volti zikianza kushuka, nyekundu zikifika pabaya, na ina onyo lake la chaji kupita kiasi, mara nyingi kwa kuwaka na kuzima. Kabla ya kununua soma inabadilika kwenye volti ngapi. Zipo zisizoonya kabisa chaji ikizidi, na kwa pikipiki inayodhibiti chaji kwa Zener kama yako hilo ni pengo kubwa.

Platini_Safi
Kuna njia ya nne haijatajwa: taa ya onyo ya kizamani. Kwenye mashine za dinamo ni balbu tu kati ya swichi na terminali ya D, inazima dinamo ikianza kuzalisha. Altaneta ya sumaku haina terminali hiyo, ndiyo maana Norton Commando ilipewa kikopo cha Lucas 3AW cha kuizima taa. Inapendeza kwa anayetaka sura ya asili.

MzeeWaDinamo
Inapendeza, lakini 3AW inasikiliza altaneta kabla ya rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa altaneta uweze kuchaji betri. Rektifaya ikifa, altaneta bado inazalisha, taa imezima kama kawaida, na betri inaisha taratibu huku dereva ana amani. Kwa shida ya huyu ndugu yetu haifai.

Spana_Kumi
Sawa, nimeelekea kwenye LED. Sasa hii erthi chanya haitaniletea shida? Na umeme niuchukue wapi?

FundiNyaya
Haileti shida ukifuata waya na si mazoea. Waya mwekundu wa LED ni chanya, kwa hiyo kwako unaenda kwenye erthi. Mweusi unaenda kwenye hasi inayopita kwenye swichi ya ufunguo. Angalia ganda: kama ni la chuma na ndani limeunganishwa na waya mweusi, ukilifunga kwenye chuma cha pikipiki ni shoti hapohapo. Pima kwa multimita kati ya ganda na waya mweusi. Ikionyesha zimeungana, weka mpira katikati au tafuta yenye ganda la plastiki.

Usiiunge moja kwa moja kwenye betri bila swichi. LED ya milliampia 20 inakula karibu nusu ampia-saa kwa siku nzima, na betri ya 9 Ah ikikaa bandani wiki moja na ushee imefika nusu. Weka na fyuzi ya ampia 1 karibu na unapochukulia umeme.

Sehemu ya kuchukulia ndiyo wengi wanapuuza. Swichi ya zaidi ya miaka 50 na viungio vyenye kutu vinakula volti. Washa taa kubwa, pima kwenye nguzo za betri, kisha pima pale unapotaka kuunga. Tofauti ikizidi 0.3 safisha viungio kwanza, la sivyo taa itakuonyesha njano wakati betri ni nzima. Erthi yake ipeleke hadi kwenye nguzo ya betri, usiiamini fremu iliyopakwa rangi.

Platini_Safi
Kuhusu kutotoboa: kipande cha bati kilichokunjwa pembe, kikibanwa chini ya nati ya usukani, kinaishika vizuri na siku yoyote unakiondoa bila alama. Au itoe moja ya taa ndogo za kwenye bakuli uweke LED ndani ya ganda lake.

MzeeWaDinamo
Mambo mawili ukishamaliza. Ukisimama na taa kubwa imewaka, injini ikiunguruma taratibu, njano itatokea. Altaneta kwa mizunguko hiyo haitoshi kulisha taa na koili. Ongeza moto kidogo. Ikirudi kijani huna tatizo.

Ikianza kuonya chaji imezidi ukiwa kasi, nenda kwenye Zener kabla ya kulaumu betri. Kwenye yako iko chini ya taa ya mbele, kwenye kile kipoza chenye mapezi. Kazi yake ni kumwaga umeme uliozidi, na inapata erthi kupitia mwili wake. Rangi au kutu chini ya Zener inatosha kuizuia. Sugua hadi uone chuma cheupe, na unapokaza nati usitumie nguvu, skrubu yake ni ya shaba, inakatika.

Bakuli_Jeusi
Samahani wakuu, na sisi wenye volti 6 na magneto, inayozalisha yenyewe umeme wa plagi? Yangu haina hata ufunguo.

FundiNyaya
Tafuta LED iliyotengenezwa kwa volti 6, ile ya 12 itakuonyesha nyekundu daima. Betri iliyojaa kwako ni kama 6.3, ikichajiwa inapanda hadi karibu 7. Umeme uchukue upande wa swichi ya taa unaozimika, au weka swichi ndogo peke yake. Plagi zako hazitegemei betri, kwa hiyo nyekundu kwako ina maana taa zinakaribia kukuacha gizani, injini itaendelea.