Krismasi ya mwisho Dodoma kabla ya kuhama: naombeni ushauri

Mama Watatu, Kisasa, Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mlioko huko.

Baba watoto yuko Leeds, Uingereza, tangu mwezi wa tatu, ni muuguzi. Viza yangu na za watoto watatu zimetoka wiki iliyopita, na tangu hapo tunabishana tarehe. Yeye anataka tuondoke katikati ya Desemba, Krismasi tuile pamoja. Mimi nataka tuile hapa, tusafiri Januari. Mama yake yuko Mvumi, umri umekwenda, na hawa ndio wajukuu anaowajua kwa sauti hata wakiwa nje ya uzio. Nauli ya ndege ya Desemba nayo imenikaba koo.

Naulizia na mengine. Nguo za baridi ninunue huku? Mkubwa ndiyo katoka kufanya upimaji wa darasa la nne, huko ataanzia wapi? Chakula gani kinapita uwanja wa ndege? Na vitu vya ndani wenzangu mlivifanyaje? Friji nimeshawaahidi watu wawili bila kukusudia.

Shangazi, Birmingham

Marahaba mwanangu. Usije Desemba.

Hapa mwezi huo saa kumi jioni giza linaanza kuingia. Watoto wako wamezoea jua linalozama karibu saa moja, na mvua wanayoijua ni ile ya kunyesha kwa kishindo ikaisha. Utawaleta kwenye manyunyu ya siku nne, shule zimefungwa, na baba yao yuko zamu, maana wauguzi wageni ndio hujikuta wamepangwa sikukuu. Mwulize kwanza ratiba yake ya tarehe 25 inasemaje ndipo muendelee kubishana. Ila angalieni viza inawaruhusu kuingia kuanzia lini na mwisho lini, msije mkala sikukuu mkapitwa.

Sasa friji. Hapo nina kidonda.

Mimi nilipoondoka, miaka hiyo, nilitangaza tarehe mapema kwa furaha. Nyumba ikageuka mnada usio na bei. Wifi akaja kuangalia kabati, akalipima kwa mkono. Jirani akasema sufuria kubwa ya pilau ni ya kwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiiazima. Mama wa kanisani akakaa sebuleni saa mbili akisubiri wengine waondoke, kumbe anataka mapazia, na yeye anajua wenzake nao wanayataka. Tulikula Krismasi kwenye vyombo ambavyo kila kimoja kilikuwa na mwenyewe anatutazama tunavyokitumia. Mpaka leo kuna mtu Chang'ombe haniiti jina kwa sababu ya pasi ya umeme.

Kwa hiyo: usimwambie mtu tarehe halisi. Sema "mwakani, Mungu akipenda". Vikubwa uza, tena kwa mtu msiyejuana, akulipe na abebe siku hiyohiyo. Vidogo mkabidhi mama mkwe agawe yeye. Akigawa yeye hakuna wa kununa, na akinuna hatakuja kununia kwako.

Mtu wa Kondoa, Leicester

Mimi sikukuu yangu ni Idi, lakini pilau la Krismasi la majirani sijawahi kulikosa, kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Chakula: nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Uingereza kutoka kwetu. Samli ya kijijini iache, hata kama bibi ameifunga kwa mikono yake. Mimi nilisimamishwa na kopo la samli nikaliona likitupwa kwenye pipa mbele ya macho yangu, nikashindwa nimwambie nini mama kwenye simu. Mlenda mkavu uliosagwa, unga wa uwele na ubuyu nimepita navyo. Zabibu msijisumbue, Desemba bado ni mbichi, wenyewe mnajua msimu unaofuata ni Februari na Machi.

Nguo: nenda Sabasaba kwenye mitumba, chukua jaketi moja moja zito la kushukia ndege. Mengine mtanunua huku, kwenye maduka ya hisani, yanayouza vitu watu walivyovitoa, ni bei ya mchicha. Chaja msinunue mpya, plagi zao ni zile zile zetu za pini tatu bapa.

Shule: England hawaangalii darasa, wanaangalia umri. Mwaka wao unaanza Septemba, kwa hiyo mtoto ataingia katikati ya mwaka na wenzake wa rika lake. Nafasi mnaomba halmashauri ya mji mkiwa na anwani, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Njoo na kadi za kliniki zenye chanjo zote, na vyeti vya kuzaliwa halisi. Viweke kwenye mkoba wa mkononi. Mimi nilivitia kwenye sanduku la meli kwa kuwa wakala aliniambia litanitangulia. Lilinifuata baada ya miezi mitano.

Kama unaendesha gari, leseni ya Tanzania utaitumia miezi 12, baada ya hapo ni ya kwao, na mtihani wao si wa mchezo.

Mama Watatu

Asanteni sana. Shangazi, nilimwuliza ratiba. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Tarehe 25 niko usiku." Tumekata tiketi za Januari.

Mama Watatu, tarehe 29 Desemba

Mliniomba mrejesho.

Tulienda Mvumi tarehe 22. Nilikuwa nimepanga sherehe ya kuaga: turubai, viti, mbuzi wawili. Bibi akanitazama tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na mvua ya kwetu haikungojei umalize kucheza muziki. Akasema turubai kesho, leo jembe. Basi watoto wa Kisasa, wenye viatu vyeupe, wakaingia shambani kupanda uwele. Kila mmoja akapewa mistari yake. Wa pili alitia mbegu nyingi shimo moja mpaka bibi akacheka akakaa chini.

Krismasi tulitoka ibadani, tukala mbuzi mmoja, wa pili bibi akamficha kwa jirani mpaka wageni walipoondoka. Baba yao alipiga kwetu ikiwa saa nane mchana, kwake saa tano asubuhi, katoka zamu hajalala. Simu ilizungushwa kwa kila mtu, hata kwa mbuzi aliyefichwa.

Vitu: nimefanya kama Shangazi alivyosema, isipokuwa friji. Wale wawili niliowaahidi wamekuwa watatu, kwa hiyo nimemwuzia fundi wa Nzuguni nisiyemjua, na kila mmoja wao ameshanipigia simu kuniuliza alinipa ngapi. Sufuria nilizomkabidhi bibi zimegawanywa bila ugomvi ninaoujua.

Tiketi za treni ya kwenda Dar tumezikata mapema, maana tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 msimu huu mtu hubaki ameduwaa stesheni.

Jana tukiwa tunafunga mabegi, mdogo akaniuliza mistari yake atapalilia nani. Nikampigia bibi amjibu mwenyewe. Bibi akamwambia atapalilia yeye, ila ni deni, na analiandika ukutani kwa mkaa. Sasa mtoto anataka kujua pauni zinatumwaje Mvumi. Mwenye kujua njia yenye makato madogo anijibu.