Liverpool 2024/25: dirisha la usajili kimya, kikosi kilitosha?

Wakuu, hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, tumebishana tangu alfajiri tukipakia dagaa. Dirisha kubwa la 2024 aliyeingia kikosini ni winga Chiesa tu. Kipa Mamardashvili tulimnunua, lakini alibaki Valencia msimu ule. Mbona tulichukua ubingwa wa Ligi Kuu England?

Jibu: Kiungo Gravenberch, mkuu. Zubimendi, kiungo wa Real Sociedad, alipokataa kuja, kocha Slot akamshusha dogo Gravenberch namba sita, kiungo mkabaji.

Jibu: Na mshambuliaji Salah, mabao 29 ya ligi, asisti (pasi za mabao) 18. Angeumia je?

Muuliza: Hapo ndipo roho inaniuma! Ile 5-1 tuliyowapiga Tottenham tukatwaa ubingwa niliiona kibandaumiza, nimesimama mlangoni, magamba bado mikononi, machozi yananitoka. Lakini Machi PSG walitutoa Ligi ya Mabingwa kwa penalti, siku 5 baadaye Newcastle wakatupiga 2-1 fainali ya Kombe la Carabao Wembley. Miguu ilikwisha. Benchi lilikuwa jembamba, nasema.